Opera ya Kiboko Kwenye Madungu ya Mkula

Kaka yangu Gasper alipotuletea mke hapa Mkula, jambo la kwanza tuliloambiwa kuhusu mke huyo ni kwamba anaimba. Mama akafurahi, akidhani tumepata mwanakwaya. Kesho yake asubuhi tukamsikia bibi harusi uani, ameinamia sufuria, anaiambia kwa wimbo kwamba imeungua, imemwaibisha mbele ya wakwe, na hukumu yake ni mchanga na majivu. Sauti ilipanda mpaka kuku wakatoka mbio chini ya kihenge. Mama akanitazama, nami nikamtazama mama. Kaka yetu alikuwa ameoa kitu kingine kabisa.

Naandika habari za Balbina kwa sababu watu wa barabara hii, kuanzia Sanje mpaka Ifakara, wanazisimulia vibaya. Wengine wanasema alisomea Ulaya. Balbina hajawahi kupita Morogoro mjini, na huko alikwenda kung'olewa jino. Wengine wanasema ana dawa ya kufukuza kwelea, wale ndege wala mpunga. Mimi ni wifi yake, na mawifi tunajulikana, hatusifii ovyo mke wa kaka. Nikisema alifanya jambo kubwa, mniamini.

Amezaliwa Ifakara. Mama yake alikuwa mpishi wa masista, na Balbina alipokuwa mdogo alipelekwa huko siku za likizo kuchambua mchele. Sista mmoja mzee, Sista Yosefina, mtu wa Mahenge, aliwahi kusomea uuguzi ng'ambo akarudi na kaseti za opera, ila hakupata mtu wa kusikiliza naye. Akamkalisha Balbina mbele ya ungo, akabonyeza redio, na kila mwimbaji aliyefungua kinywa sista akamtafsiria. "Huyu anamuuliza dada yake pete iko wapi. Sasa dada anakana. Sikiliza anavyokana, sauti inatetemeka, muongo huyo." Mchele ulichambuliwa vibaya sana miaka ile, maana Balbina alikuwa anangoja kujua kama pete itapatikana. Alikua akiamini kwamba opera ni ugomvi wa majirani, tofauti ni kwamba majirani wenyewe wana pumzi.

Huku Mkula wazazi walikuwa wamefungua chekechea kwenye ukumbi wa kigango, kanisa letu dogo, ili watoto wadogo wasishinde kando ya lami wakikimbizana na pikipiki. Balbina alikuwa na cheti cha ualimu wa awali, wakampa darasa. Mimi wakanipa sufuria la uji. Kwa hiyo haya ninayoyaeleza sikuyasikia kwa mtu, niliyaona nikiwa na mwiko mkononi.

Asubuhi alifundisha kama walimu wote: a, e, i, o, u, kuhesabu vizibo vya soda, kunawa mikono. Asije mtu akasema watoto hawakujua kusoma. Lakini baada ya uji alipiga makofi na kutangaza, "Jamani, tumesahau kuongea!" Kuanzia hapo mpaka saa ya kurudi nyumbani hakuna aliyeruhusiwa kusema neno bila kuliimba. Mtoto akitaka chooni, anaimba. Akinyang'anywa penseli, anaimba mashtaka yake, na aliyenyang'anya anaimba utetezi. Nimewahi kusikia kesi ya penseli iliyoimbwa mpaka mshtaki na mshtakiwa wote wawili wakasahau penseli ilikuwa ya nani, wakabaki wanaimbiana tu kwa utamu.

"Opera," aliwaambia, "ni hadithi ambayo watu wake wamesahau kuongea. Basi."

Siku aliyowasikilizisha opera yenyewe alileta simu na kispika chake kidogo. Mwanamke wa kwenye simu akapandisha sauti, akaishikilia huko huko juu bila kushuka. Watoto wakaacha vikombe.

"Mwalimu, huyo mama anaumwa nini?" akauliza Anselim, mtoto wa mvuvi, mwenye sauti nzito kuliko umri wake.

"Anaumwa na mapenzi. Mchumba wake yuko mbali."

"Si ampigie simu?"

"Chaji imekwisha."

Darasa zima likahuzunika. Uchungu wa chaji kuisha waliujua, wanauona kwa mama zao. Siwema, binti mmoja mwembamba mwenye kiherehere, akasema, "Basi asinyamaze. Apige kelele hivyo hivyo, labda atamsikia."

Balbina akanigeukia, macho yanameta. "Wifi, umesikia? Wameshaelewa. Mimi ilinichukua utoto mzima."

Aliwafundisha kuvuta pumzi kwa kuwalaza chali kwenye mkeka, kila mmoja na kandambili yake juu ya tumbo. "Kandambili ipande! Kandambili ishuke! Mabega yasijue chochote!" Mama mmoja aliyepita dirishani akaniuliza kwa sauti ya chini kama watoto wameanguka ugonjwa au kuna mganga humo ndani. Nikamwambia wanajifunza kuimba. Akaniambia kwao watu huimba wakiwa wamesimama.

Kisha wakatunga opera yao. Ilihusu kiboko anayetoka mtoni usiku na kukanyaga mpunga wa watu. Mama Mpunga, mwenye shamba, anataka kujua kwa nini anakanyaga. Kiboko anamwogopa Mama Mpunga na Mama Mpunga anamwogopa kiboko, kwa hiyo wanatumiana Mjumbe, anayekimbia huku na huku na maneno ya kila upande. Ndege wako pembeni, kazi yao ni kuuliza, "Na sisi je? Na sisi je?" Inajulikana mwishoni kwamba kiboko anakanyaga kwa hasira, maana kila mwaka anasikia harufu ya ubwabwa na hakuna aliyewahi kumkaribisha. Watoto wengine walitaka auawe kwa mkuki. Anselim, ambaye ndiye alikuwa kiboko, alikataa katakata kufa. "Nikifa, kesho nitaimba nini?" Hoja ikapita, kiboko akaachwa hai.

Siwema akawa Mama Mpunga. Mjumbe akawa Noela, binti mdogo wa Jane, rafiki yangu. Noela hakuwa na sauti kubwa kuliko wenzake, lakini alikuwa na kitu ambacho Balbina alikiona mapema: neno ukimpa analifikisha lilivyo. Mjumbe wa namna hiyo hata kwenye posa za watu wazima hapatikani.

Na ni posa ndiyo iliyoleta balaa.

Babu yake Noela, baba mkwe wa Jane, ni Mzee Melkiori, mwenyekiti wa kamati ya wazazi na mshika funguo za kigango. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyenyooka, na hasira zake ziko karibu. Siku hiyo wageni walikuwa wametoka Ifakara kumposa binti yake wa mwisho, wameketi sebuleni, kila mtu na soda yake, mazungumzo ni ya kupima maneno. Noela akatumwa aingie awasalimie. Akapiga goti vizuri kama alivyolelewa. Akavuta pumzi mpaka tumboni. Akafungua mikono, akaanza, "Shikamoooo," akapanda nayo, akazunguka nayo huko juu, akashuka nayo taratibu mpaka kwa mgeni wa kwanza. Halafu akaanza upya kwa mgeni wa pili. Wageni walikuwa wengi.

Mshenga alicheka mpaka akapaliwa. Mzee Melkiori hakucheka. Kwetu mtoto husamehewa akivunja sahani, husamehewa hata akimwaga mboga, lakini shikamoo haichezewi, na hasa haichezewi mbele ya wakwe watarajiwa. Posa ilikubaliwa vizuri tu, lakini mzee alibaki na imani kwamba wageni waliondoka wakiicheka nyumba yake, na kwamba waliochekwa ni yeye na malezi yake.

Akaitisha kikao kwenye ukumbi wa chekechea, watu wazima tumekalia viti vya watoto, magoti yanagusa videvu.

"Nilimleta mjukuu wangu hapa afunzwe adabu," akasema. "Amerudi anawachekesha wakwe."

"Mzee wangu, shikamoo," akajibu Balbina.

"Marahaba."

"Noela aliwasalimia wageni wote. Hakumruka hata mmoja."

Nilitamani nimfinye. Wifi yangu ana ulimi, na siku anayouhitaji upoe ndiyo siku unapochemka. Mzee Melkiori akatoa hukumu yake. Jumamosi ya mwisho kabla ya kufunga kwa mavuno, wazazi wataiangalia hiyo opera. Ikionekana ina maana, itaendelea. Ikionekana ni kelele, Balbina ataacha darasa na kamati itatafuta mwalimu anayeongea kama watu. "Na Jumamosi hiyo ikipita bila kuonyeshwa kitu," akamalizia, "nitahesabu nimejibiwa. Na tangu leo Noela atakuja kusoma tu. Kuimba, basi."

Jioni ile Balbina hakuimba jikoni. Alimenya ndizi kimya, na mimi ambaye miaka yote namwambia apunguze sauti nikakosa raha kabisa. Mwishowe akasema, "Wifi, mimi sina kingine. Wakininyang'anya wale watoto, nitakuwa mwanamke anayepiga kelele peke yake uani." Machozi yakamdondokea kwenye ndizi. Nikamwambia hawatamnyang'anya, nikijua sina uwezo wa kuahidi hivyo.

Kisha kwelea wakaja, na mwaka huo walikuja mapema. Mpunga ulikuwa ndiyo kwanza unainamisha vichwa. Kwa asiyejua: kundi la kwelea likitua kwenye shamba lako asubuhi na wewe hupo, mchana unakuta mabua. Kwa hiyo wakati huo kijiji kinahama. Watu wanateremka mbugani na masufuria na mikeka, wanapanda kwenye madungu, vile vichanja vya miti vyenye paa la nyasi, wanaamia, yaani wanafukuza ndege, kuanzia kunapopambazuka mpaka jua linapozama. Baba anapiga kombeo, mama anapiga makofi, mtoto anapewa debe na fimbo. Hakuna mzazi atakayemwacha mtoto mwenye mikono miwili abaki kijijini kwa ajili ya shule, sembuse chekechea. Jumatatu ile nilipika uji, tukaunywa mimi na Balbina.

Alikwenda kwa Mzee Melkiori kuomba siku isogezwe mbele. Mzee alikuwa anafunga kamba za dungu lake, hata hakushuka. "Mwalimu, hao ndege sikuwaita mimi. Jumamosi ni Jumamosi."

Balbina akarudi akipita kwenye kingo za majaruba ya mpunga, viatu mkononi, mimi nyuma yake. Katikati ya njia akasimama. Pande zote watoto wake walikuwa juu ya madungu, kila mmoja peke yake na debe lake. Huku Anselim, kule karibu na reli Siwema. Alisimama sana, mpaka nikadhani ameumwa na kitu. Kisha akacheka.

"Rosa," akaniita. Akinivulia uwifi ujue ana jambo. "Hebu angalia Anselim yuko wapi."

"Kwao. Kando ya mto."

"Kiboko anakaa wapi?"

Nikaanza kuelewa, na nikaanza kuogopa.

Wiki ile alizunguka dungu hadi dungu, gauni limefungwa kiunoni, matope mpaka magotini. Kila mtoto alimpa sehemu yake kulingana na mahali kwao wanapolima. Kiboko mtoni. Mama Mpunga upande wa reli. Waliobaki wote katikati ni ndege, kila mmoja akisikia jirani yake ameuliza "Na sisi je?" anapokea na kuisukuma mbele. Wazazi hawakuwa na la kupinga, maana mtoto anaamia hapo hapo alipo. Baada ya siku chache wakaanza kuniambia kwa siri kwamba ndege wanaliogopa zaidi neno linalotembea kuliko debe. Debe kwelea wamelizoea, wanaliona linapigwa mahali pamoja. Lakini sauti inayoanzia mtoni ikaja dungu kwa dungu, hawakujua waikimbie kwenda upande gani.

Palibaki tatizo moja, na lilikuwa katikati kabisa. Shamba la Mzee Melkiori ndilo kubwa kuliko yote, na pande zake mbili kuna matete ambayo hakuna mtu anayelima. Dungu lake limesimama peke yake kama kisiwa. Sauti ya Anselim ilifika kwa mzee, haikufika kwa Siwema. Ya Siwema ilifika kwa mzee, haikufika mtoni. Mwenye kusimama pale ndiye Mjumbe, hakuna namna nyingine, na juu ya dungu lile alikuwepo Noela, aliyekatazwa kuimba.

Balbina alikwenda tena. Akapiga magoti kwenye tope, akaomba. Mzee akasema, "Mjukuu wangu ataamia kwa debe, kama watu."

Ijumaa nikamwambia Balbina aache, asijiaibishe. Akanijibu kwa ukali ambao sikuuzoea. "Tutaanza. Ikikatika, kila mtu atasikia imekatikia kwa nani."

Jumamosi nilidamka kwenda kwenye dungu la Mzee Melkiori, kisingizio changu kikiwa kumsaidia Jane kupika uji. Ukweli nilitaka kuona. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye mpunga, milima nyuma yetu ndiyo inaanza kupata rangi. Mzee alikuwa juu na kombeo. Noela alikuwa pembeni yake na debe, macho yamevimba, Jane akaninong'oneza kwamba alilia tangu alipoamka. Kwa mbali nilimwona Balbina amesimama peke yake kwenye ukingo, mikono imeshikana kifuani. Wazazi kwenye madungu yote walikuwa wamesimama. Walijua ni siku gani.

Jua lilipotoa kichwa, sauti ikatoka mtoni.

"Nina njaaaa! Nina njaa miye, tumbo langu pana kuliko mto!"

Anselim, Mungu ambariki. Ilikuja juu ya mpunga nzito na imenyooka, ndege wa upande wa mto wakapokea, "Na sisi je? Na sisi je?" Ikasogea dungu kwa dungu mpaka ukingoni mwa matete. Hapo ikasimama. Upande wa reli kulikuwa kimya. Siwema alikuwa anangoja neno ambalo halikumfikia.

Noela alifumba mdomo, amebana debe kifuani.

Anselim akarudia. Tukasikia kwamba sasa hana uhakika, "Nina njaaa" yake imepungua. Kimya kikarefuka, na kimya kwa kwelea ni karamu. Kundi zima lililokuwa limeinuliwa na sauti likazunguka mara moja angani, likaona mahali pasipo na mtu anayesema kitu, likaanza kushuka shambani kwa Mzee Melkiori. Mzee akapiga kombeo. Akamnyang'anya Noela debe, akalipiga mpaka likabonyea. Ndege waliinuka kidogo, wakatua tena pale pale. Mpunga ulikuwa unainama kwa uzito wao.

"Mjuuumbe!" Anselim akaita kwa mara ya tatu, na safari hii alikuwa analia kweli. "Mjumbe, nina njaa!"

"Mjibu, basi!" Mzee Melkiori akamgeukia mjukuu wake.

"Babu, umenikataza."

"Nakwambia mjibu huyo kiboko!"

Noela akasimama, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Hakikutoka kitu. Kilio cha tangu alfajiri kilikuwa kimemkausha koo. Akajaribu tena, ukatoka mkwaruzo. Jane alikuwa chini anatafuna ncha ya kanga, maana hakuna mke wa mtoto anayepaza sauti mbele ya baba mkwe. Mimi sauti yangu haivuki ua. Nilitazama kwelea, nikamtazama Balbina kule mbali, amejishika kichwa, na moyo wangu ukaniuma sana kwa ajili yake.

Ndipo Mzee Melkiori akatupa debe chini. Akashika nguzo ya dungu kwa mkono mmoja, akarudisha kichwa nyuma.

"Mama Mpungaaaa! Ee Mama Mpungaaa! Wa mtoni ana njaaaa!"

Sijawahi kusikia kitu kama kile kwa mtu wa umri wake. Haikuwa kelele. Ilikuwa sauti iliyofunguliwa yote, ikavuka matete, ikaenda zake mpaka kwenye reli, na kila neno limo. Alikuwa anaijua sehemu ya Mjumbe neno kwa neno. Wiki nzima alikuwa amesikia maneno ya mtoni na ya reli, ambayo ndiyo ya Mjumbe, yakifanyiwa mazoezi pande zote za shamba lake, na masikio hayana mlango. Kwelea wakanyanyuka kwa pamoja, anga likawa la kahawia.

Kwenye dungu la jirani kizee kimoja kikapiga kigelegele. "Melkiori huyo! Melkiori wa madungu!" Wazee wenzake wakaitikia kutoka pande mbalimbali, na sisi vijana ndipo tulipojua. Zamani, kabla ya simu, habari za msiba na za mtumbwi uliozama zilitoka mtoni kwenda barabarani kwa mdomo, dungu hadi dungu, kwa sauti ya kuvuta, na aliyekuwa akizipokea hapa katikati ni yeye. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kwamba ile nayo ilikuwa kuimba.

Siwema hakungoja aambiwe. "Mwambie asikanyageee! Sahani yake naioshaaa!"

Mzee akageuka upande wa mto na kupeleka jibu. Noela akawa amenywa maji ya Jane, koo limefunguka, akaungana naye, sauti nyembamba juu ya sauti nene, na babu alipokosea neno mjukuu akamvuta shati akamsahihisha. Mzee akarudia kwa usahihi! Nilicheka huku nalia. Opera ikaenda. Ikavuka, ikarudi, ikavuka tena. Kila kundi la kwelea lililojaribu kutua lilikuta neno limeshafika. Ilipofika mahali kiboko anapokaribishwa mezani, palepale ambapo watoto walikuwa waimbe peke yao, wazazi hawakujizuia. Nao walikuwa wameisikia wiki nzima. Baba, mama, bibi na watu wa makombeo, mbuga nzima ikamwambia Anselim, "Kaa, ule na wenzio! Kaa, ule na wenzio!" Gasper kaka yangu, ambaye hajawahi kuimba hata kanisani, alikuwa juu ya dungu letu amefungua mikono kama padri.

Kisha ikanyamaza yote kwa mara moja. Balbina alikuwa ameketi kwenye ukingo ndani ya tope, gauni na yote. Alikuwa analia bila kujificha na anacheka bila kujificha. Nilimkimbilia nikamkumbatia, tukawa wawili wa tope. Nilimwambia nampenda, jambo ambalo mawifi wa Mkula hatulisemi.

Watu wote walikuwa wanatazama dungu la katikati, maana hukumu ilikuwa bado haijatolewa na mwenye kuitoa alikuwa pale. Mzee Melkiori alikuwa anahema, mkono begani kwa Noela. Akatazama shamba lake, akatazama anga. Akamtafuta Balbina kwa macho mpaka akamwona.

"Mwalimu!" akaita. "Ndiyo imekwisha?"

Balbina akasimama. "Imekwisha, mzee wangu!"

"Hapana," akasema Mzee Melkiori, akavuta pumzi mpaka tumboni. "Ndege hao wanarudi. Waambie watoto waanze tena."